Topinamburi kwenye mfinyanzi wa Leeds: kupanda, kuchimba, na hiyo habari ya gesi tumboni

Mama Zuhura aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Nimepata kiploti cha kukodi hapa Leeds, Uingereza, na upande mmoja nataka kuweka topinamburi, mmea wa jamii ya alizeti wenye viazi vya kula chini ya udongo, ile ambayo maduka ya huku yanaiuza kwa jina la atichoki ya Jerusalem na walioko Marekani wanaiita sanchoki. Nimeshanunua kilo moja ya aina ya Fuseau, viazi 18. Udongo ni mfinyanzi mzito, unashika maji majira ya baridi, na upepo wa magharibi hauna pa kuzuiliwa.

Naomba wajuzi mnisaidie. Nipande lini na kwa nafasi gani? Niweke mbolea au niache? Nitajuaje kwamba viazi vimekomaa na viko chini ya udongo? Majirani wa ploti wanasema nikishapanda sitaitoa tena maisha, ni kweli? Na la jikoni: kila ninayemtajia anaanza kuzungumzia gesi. Kuna namna ya kuipika watu wakala na wakalala vizuri?

jembe_uma alijibu:

Mama Zuhura, karibu. Kwa hali ya Leeds, panda kati ya katikati ya Februari na mwisho wa Aprili, siku ambayo udongo haunati kwenye jembe. Chukua bonge la udongo ulibane kiganjani, kisha lisukume kwa kidole gumba. Likivunjika, panda. Likinyooka kama donge la chapati, subiri wiki nyingine.

Mfinyanzi hauzuii topinamburi kuzaa. Taabu yake ni uchimbaji, na viazi kuoza vikilala kwenye maji Desemba na Januari. Kwa hiyo panda kwenye tuta. Inua tuta la kimo cha sentimita 20 na upana wa nusu mita, uchanganye ndoo moja ya mboji iliyoiva kwa kila mita ya tuta. Samadi mbichi usiweke kabisa: nitrojeni ikizidi, mmea unapanda hadi mita tatu, majani yanapendeza, na chini unakuta viazi vichache. Kama ploti ilitiwa samadi mwaka jana, hata mboji iache. Majivu ya kuni konzi moja kwa mita yanatosha kuongeza potasi, ila usiyaweke kama udongo wenu una chokaa nyingi tayari.

Safu iwe upande wa kaskazini wa ploti. Huko jua linapita kusini, na mmea wa mita mbili na nusu utaziba mwanga wa kila kilicho nyuma yake. Kiazi cha mbegu kizuri kina gramu 50 hadi 60 na hupandwa kizima. Vikubwa vinaweza kukatwa, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu, kisha viachwe siku moja kivulini kidonda kikauke. Lakini kwenye udongo baridi uliojaa maji, kipande kilichokatwa mara nyingi huoza kabla ya kuchipua; kwa mfinyanzi wako nisingekata. Kina ni sentimita 10 hadi 15, mche hadi mche sentimita 40, na safu hadi safu karibu mita moja. Viazi 18 ni vingi. Mmea mmoja ukitunzwa hutoa kilo moja hadi mbili, kwa hiyo miche sita inaitosha nyumba ya watu wanne. Panda kumi, hivyo vinane vingine vipikeni.

Kuhusu upepo: miche ikifika sentimita 30, vuta udongo shinani kimo cha sentimita 10 hivi, na urudie baada ya wiki mbili tatu. Mizizi yake haiendi chini sana ukilinganisha na urefu wa shina. Upepo ukitikisa mmea, shina linatanua tundu pale chini, tundu linajaa maji, na uozo unaanzia hapo. Simika nguzo kila mwisho wa safu, uzungushe kamba pande zote mbili kwa kimo cha mita moja. Mwishoni mwa Juni au Julai unaweza kukata kilele, mmea ubaki mita moja na nusu au zaidi kidogo.

Baada ya hapo usiuguse tena, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalopunguza mavuno kuliko ugonjwa wowote. Septemba watu wanaona mmea umeanza kuchoka, wanaukata wapate nafasi ya mboga za baridi. Majira yote ya joto mmea huu unaweka akiba yake kwenye shina. Ukishatoa maua na siku zikafupika, akiba hiyo ndiyo inayoshuka kwenye viazi. Ukikata shina likiwa kijani, umekata chakula kikiwa njiani. Agosti na Septemba pia ndiyo miezi ya kumwagilia mvua ikikosekana, lita 10 kwa mita ya tuta kila wiki. Ukame ukifuatwa na mvua kubwa, viazi vinaota vinundu na kuosha kwake kunakuwa adhabu.

Majirani zako wana haki kwa nusu. Kila kipande chenye jicho kinachobaki ardhini kitachipua Aprili, hata cha unene wa kidole. Zika bati au plastiki ngumu kina cha sentimita 50 kuzunguka eneo lake, chimba ukifuata nyuzi za mizizi hadi mwisho, na machipukizi yaliyojitokeza nje ya mpaka yang'oe Mei yakiwa sentimita 15 hadi 20, kabla hayajaunda viazi vipya. Ukitaka kuitoa kabisa, ng'oa hivyo miaka miwili mfululizo. Mashine ya kulimia usiipitishe hapo: inakata kiazi kimoja vipande kumi, na kila chenye jicho ni mche.

Mto_Mississippi alijibu:

Mkuu jembe_uma kamaliza upandaji. Naongeza kuchimba na kuhifadhi, kwa sababu huku Minnesota, Marekani, baridi haina mzaha na mambo yanafanyika tofauti kidogo.

Kukomaa utakuona kwenye shina. Jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, ikipiga mara mbili tatu, majani yanakuwa meusi na kulegea. Hapo kata shina, ubakize kisiki cha sentimita 15 ili ujue pa kuchimba, na usubiri wiki mbili. Leeds hiyo itakuwa Novemba. Ingiza jembe uma umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye kisiki, uinue bonge zima badala ya kuchokoachokoa. Viazi vingi vya Fuseau vimejikusanya karibu na shina, lakini vingine vinaning'inia mwisho wa uzi mweupe unaotoka pembeni. Ukiuvuta uzi kwa haraka unakatika na kiazi kinabaki. Lilaze bonge kwenye turubai ulivunje kwa mikono. Kwenye mfinyanzi kiazi kimejifunika udongo wa rangi yake, jicho peke yake halitoshi, lazima vidole vipapase.

Chimba cha kula tu. Ngozi ya kiazi hiki ni nyembamba na haina ganda la kuzuia maji kama kiazi mviringo, ndiyo maana kikikaa juu ya meza ya jikoni siku chache kinalegea na kukunjamana. Kwenye friji kiweke bila kukiosha, ndani ya mfuko wa plastiki wenye matundu pamoja na karatasi yenye unyevu kidogo. Wiki mbili hadi tatu utakikuta kigumu. Kuhifadhi hadi Machi kunahitaji sanduku la mchanga wenye unyevu, mahali penye nyuzi joto 0 hadi 2. Mchanga ukiushika uwe na ubaridi bila kuacha maji mkononi. Panga viazi visigusane.

Hapa wengi huviacha ardhini hadi masika, chini ya matandazo ya majani makavu sentimita 30, kwa sababu bila matandazo ardhi inakuwa jiwe na jembe haliingii. Kiazi kikiganda ndani ya udongo hakifi. Kikiganda juu ya ardhi kikayeyuka, ndani kinakuwa uji. Ila kwako, Mama Zuhura, adui ni maji na konokono wasio na kombe. Matandazo mazito juu ya mfinyanzi ni nyumba yao, na ya panya wa shambani pia. Chimba nusu kabla ya Krismasi uweke kwenye mchanga, nusu ibaki kwenye tuta bila matandazo.

Na ugonjwa mmoja wa kuuangalia: shina moja likinyauka ghafla Agosti wakati mengine ni mazima, tazama kitako chake. Ukiona utando mweupe, na ukilipasua shina ukakuta punje nyeusi ngumu za ukubwa wa mbegu ya papai, hiyo ni kuvu ya sklerotinia. Ng'oa mmea mzima pamoja na udongo wa juu ulioushika, na usiutupe kwenye mboji, maana zile punje hukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri. Eneo hilo usipande tena topinamburi, alizeti, maharage, karoti wala saladi kwa muda mrefu. Mahindi au vitunguu havina shida. Unga mweupe juu ya majani Septemba ni kitu kingine, ni ubwiri unga, na wakati huo hauna haja ya kuhangaika nao.

Mama Zuhura aliandika:

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimeelewa kuhusu Septemba, ningeikata kweli. Sasa jikoni: imenywe au isimenywe? Na baba Zuhura ana kisukari, anachoma insulini kabla ya kula. Nimesoma mahali kwamba topinamburi ni nzuri kwa wenye sukari. Nimpe kama viazi vya kawaida?

jiko_na_lishe alijibu:

Dada, nianze na baba Zuhura kwa sababu hilo ni la usalama. Topinamburi karibu haina wanga. Akiba yake kubwa ni inulini, aina ya sukari iliyoshikana kwa mnyororo ambao tumbo la binadamu haliwezi kuukata, kwa hiyo haiingii kwenye damu kama kiazi mviringo au ugali. Lakini jedwali la lishe litakuonesha kabohaidreti gramu 17 hivi kwa kila gramu 100, na humo inulini imehesabiwa. Anayechoma insulini akipiga dozi kwa kufuata namba hiyo kama vile anakula viazi vya kawaida, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Kinyume chake, viazi vilivyokaa kwenye baridi miezi miwili mitatu sehemu ya inulini yake imegeuka fruktosi (sukari ya matunda) na ndiyo maana ni vitamu zaidi. Aanze na kiasi kidogo pembeni ya chakula alichokizoea, apime sukari, na azungumze na muuguzi wake kabla ya kugusa dozi.

Gesi inatokana na inulini hiyohiyo. Inapita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na uchachushaji unatoa gesi. Si sumu, na bakteria hao wana faida yao, lakini sahani nzima kwa mara ya kwanza ni mateso. Gramu 50 kwa mtu zinatosha kuanzia, yaani kiazi kimoja, ukiongeza polepole kwa wiki kadhaa. Wenye utumbo unaosumbuka kwa vitunguu na ngano wataona hiki ni kikali zaidi, na wengine afadhali wakiache.

Njia za kuipunguza zipo, zote zikifanya kazi ileile ya kuondoa au kuvunja inulini kabla haijafika tumboni. Ya kwanza imeshatajwa: chimba baada ya jalidi au hifadhi kwenye baridi. Ya pili, kata vipande vya nusu sentimita, chemsha dakika 15 au zaidi kwenye maji yenye ndimu, vijiko vikubwa vitatu kwa lita, kisha mwaga maji hayo. Inulini inayeyuka kwenye maji moto, hivyo sehemu inaondoka na maji, na tindikali inasaidia kuvunja inayobaki. Supu ambayo maji yake ya kuchemshia yamebaki sufuriani ndiyo inayojaza watu gesi kuliko zote.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, achari ya kuchachusha, sababu bakteria wa chupani wanakula inulini kabla ya wale wa tumboni. Gramu 500 za viazi, sugua kwa brashi, kata vipande vyembamba vya milimita tatu. Weka kwenye chupa safi ya lita moja pamoja na punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, kijiko kidogo cha manjano, kijiko kidogo cha mbegu za haradali na pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa. Yeyusha gramu 25 za chumvi kwenye lita moja ya maji, mimina hadi vifunikwe, na ukandamize kwa kijiwe safi au mfuko mdogo wenye maji ya chumvi. Kinachoelea juu ndicho kinachoota ukungu. Iache kwenye nyuzi joto 18 hadi 22 kwa siku saba hadi kumi, ukilegeza kifuniko mara moja kwa siku gesi itoke chupani. Ikishakuwa chachu, ihamishie friji. Inabaki ngumu na inakatika mdomoni, na kwa pilau au wali wa nazi inafaa sana.

Kumenya si lazima. Fuseau ni laini, ngozi yake inalika; brashi na maji vinatosha. Aina zenye vinundu, vunja vinundu kwanza ndipo usugue, maana udongo unajificha kwenye mikunjo na mchanga mmoja unaharibu sufuria nzima. Ukimenya au kukata, tumbukiza mara moja kwenye maji yenye ndimu, la sivyo vinageuka kahawia. Kuna weusi wa pili unaotokea baada ya kuchemsha, kiazi kinakuwa kijivu: hiyo ni chuma iliyomo ndani ya kiazi ikiungana na vitu vingine vyake, na ndimu kwenye maji inauzuia pia. Ila ujue tindikali inakifanya kiazi kibaki kigumu. Kama unataka supu laini, tia ndimu kidogo na uchemshe hadi dakika 25. Bila ndimu, kiazi kinaiva dakika 12 hadi 15 na kinapita haraka kutoka kigumu kwenda rojo, kwa hiyo usiondoke jikoni.

Mchuzi wa nazi kwa watu wanne: gramu 500 zilizochemshwa na ndimu kama nilivyosema na kuchujwa. Kaanga kitunguu kimoja hadi kiwe cha dhahabu, ongeza kitunguu saumu na tangawizi, nyanya mbili, nusu kijiko kidogo cha manjano na bizari nyembamba iliyosagwa. Nyanya zikiachia mafuta, mimina tui mililita 400, likichemka taratibu tumbukiza viazi, dakika nane. Chumvi mwisho. Ukioka kwenye oveni, nyuzi 200, vipande vya nusu kwa nusu vilivyopakwa mafuta, dakika 35 hadi 40. Usitarajie ukavu wa chipsi, maana hakuna wanga wa kukauka. Ndani inakuwa laini sana na ngozi inatafunika. Hii ya oveni haimwagi inulini yoyote, basi iwe ya wageni waliokwisha kuzoea.

wa_Lyon aliandika:

Nyongeza ndogo kwa wanaotaka kuwakaribisha majirani wazee wa Kifaransa: uliza kwanza. Wakati wa uvamizi wa Ujerumani miaka ya 1940 hadi 1944, viazi mviringo vilikuwa vinachukuliwa, na watu walikula topinamburi na rutabaga (mboga ya mzizi inayofanana na tanipu) siku baada ya siku, mara nyingi bila mafuta. Kizazi hicho wengi hawakutaka kuiona tena mezani. Vijana wao sasa wanaitafuta sokoni.

shamba_Limuru aliuliza:

Jameni, hii inaweza kumea Limuru? Kuna baridi ya kutosha huku, na soko la hoteli za Nairobi naliona.

jembe_uma alijibu:

Ndugu wa Limuru, itamea, lakini usihesabu mavuno ya Leeds. Huu ni mmea wa Amerika Kaskazini. Wenyeji wa huko walikuwa wakiulima tayari Champlain, mvumbuzi Mfaransa, alipouona Cape Cod, pwani ya mashariki ya Marekani ya leo, mwaka 1605. Umezoea majira ya joto yenye siku ndefu, ambapo unakua kwa miezi kadhaa, kisha siku zinapofupika ndipo unaunda viazi. Limuru mchana una urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima, yaani kwa mmea huu ni vuli tangu siku ya kwanza. Unachipua, unakimbilia maua na viazi ungali mfupi, na viazi vinakuwa vidogo. Fidia yake ni kupanda kwa kubananisha, sentimita 25 hadi 30 mche hadi mche, kwenye udongo wenye rutuba zaidi kuliko niliomshauri Mama Zuhura.

Shida ya pili inawashangaza watu msimu wa pili. Kiazi kikishachimbwa kinalala, na kinachokiamsha ni baridi ya muda mrefu iliyo chini ya nyuzi 5. Usiku wa Julai huko kwenu hautoshi. Viazi vya mbegu viweke friji kwenye mchanga au vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, nyuzi 2 hadi 4, wiki sita hadi nane, ndipo upande mvua za Machi zikianza. Usipofanya hivyo, baadhi vitachipua kwa kuchelewa sana na vingine vitaoza vikiwa vimelala. Anza na tuta moja, upime kilo, kabla ya kwenda kuzungumza na hoteli yoyote.

Na mbegu usiilete kwenye sanduku la safari. Viazi vyenye macho na udongo ndivyo vinavyobeba minyoo na kuvu kama ile sklerotinia. Omba kibali cha kuingiza mimea KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea Kenya, kabla hujaagiza, na muuzaji akupe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Kwa wa Tanzania, kibali ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.